Garimoshi la Butere na Jumamosi zetu za Luanda

MTU aliyekulia kati ya Kisumu na Butere ukimwuliza kuhusu safari yake ya kwanza, yamkini hatataja basi. Atakutajia garimoshi. Atakueleza alikaa upande gani wa dirisha, alinunuliwa nini njiani, na kuku wa nani alimdonoa mguu.

Mimi nilidonolewa na kuku wa mama mmoja aliyekuwa akienda Yala. Ilikuwa Desemba 1997, wakati wa ile mvua kubwa ya El Nino, nami nilikuwa na umri wa miaka minane. Mwenye kuku alicheka, akanipa ndizi mbivu, kisha akaniomba radhi kwa niaba ya kuku wake. Hadi leo nikisikia wakubwa wakizungumza kuhusu usafiri wa bei nafuu, mawazo yangu huenda moja kwa moja kwenye ndizi ile.

Hata hivyo msomaji, siku hiyo hatukuwa tumetoka nyumbani kwenda kula ndizi. Baba alikuwa amefariki mwezi Machi mwaka huo. Mama alibaki na watoto watatu, chumba kimoja cha kukodi mtaani Manyatta, na beseni la omena katika soko la Kibuye. Asubuhi hiyo alituamsha kukiwa bado na giza, akatuogesha na kutupaka mafuta kana kwamba tunaenda kanisani. "Leo tunatembea kwa dani," alisema. Dani ni nyanya, mamake baba, aliyeishi Maseno, upande wa kuelekea Luanda.

Tulishangilia. Lakini mimi, kwa kuwa ndiye kifungua mimba na mtoto wa kuchunguza mambo, niliona kitu ambacho wadogo zangu hawakukiona. Katika mfuko aliobeba mama, chini ya pakiti za sukari na majani ya chai, nguo zote za mdogo wangu wa kiume zilikuwa zimekunjwa. Zote, hata sweta yake ya shule. Zangu hazikuwamo.

Sikuuliza. Nilibeba mfuko huo hadi stesheni.

Hesabu ya mama

Kwa nini garimoshi wakati matatu zilikuwa zikijaa barabara ya kuelekea Busia tangu alfajiri? Hesabu ya mama ilikuwa rahisi. Nauli ya mtu mmoja katika matatu ilitosha kuwapeleka watu wazima wawili kwa garimoshi na kubakisha hela za chumvi. Mtoto alilipa nusu. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu, hakulipa chochote. Na la muhimu kupita yote kwa mama mwenye biashara, hakuna aliyemwekea mkono gunia lake la omena na kudai lilipiwe kama abiria.

Mama alinunua tikiti za kwenda na kurudi, moja nzima na nusu mbili. Zilikuwa zile tikiti ndogo za kadi ngumu, ambazo mkaguzi alizitoboa kwa koleo lake. Nilizishika mimi njia nzima, mkono umetoka jasho.

Msomaji ambaye hakuwahi kupanda garimoshi hilo asidhani lilikuwa la fahari. Viti vilikuwa vigumu. Madirisha mengine hayakufungika, na mengine hayakufunguka. Chini ya viti kulilala kuku waliofungwa miguu, mafungu ya miwa, mitungi ya mafuta taa na vikapu vya samaki wakavu ambao harufu yao iliingia hata kwenye nywele. Vijana wasiokuwa na tikiti walihama behewa hadi behewa wakimkwepa mkaguzi, naye, nadhani, alijua fika walikuwa wakienda wapi. Kulikuwa na mhubiri. Daima kulikuwa na mhubiri.

Zaidi ya yote kulikuwa na mazungumzo. Ukitoka Kisumu, behewa lilijaa Kiluo. Kila kituo tulichopita, sauti zilibadilika kidogo kidogo, "amosi" ikipungua na "mulembe" ikiongezeka, hadi ukikaribia Butere Waluo ndio waliokuwa wageni. Katikati ya njia ilibidi watu wapatane kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kukubaliana bei: chako kidogo, changu kidogo. Marehemu baba alizoea kutania kwamba reli ndiyo iliyomwoza, kwani mama ni mzaliwa wa upande wa Butere na yeye wa Maseno. "Nisingekuwa na nauli ya matatu ya kwenda kumposa," alisema.

Baada ya Kisian garimoshi huanza kupanda. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo Maseno karibu mita 1,500, kwa hiyo kichwa cha garimoshi kilikuwa na kazi. Kilikoroma, kikatoa moshi, kikapunguza mwendo hadi waendesha baiskeli walio kando ya reli wakatupita wakitupungia mikono. Wavulana wa vijiji vya huko walirukia ngazi, wakasafiri kidogo, kisha wakashuka kwa madaha kama watu waliofika. Kwa watoto wa chumba kimoja cha Manyatta, hiyo ilikuwa sinema. Na ukigeuka nyuma, upande wa kushoto, uliona ziwa lote limelala chini. Nilikuwa nimezaliwa kando ya ziwa hilo na sikuwa nimewahi kuliona lote kwa mara moja.

Mahali fulani kabla ya Luanda reli hukatiza ikweta. Barabarani pana kibao cha kuonyesha mahali hapo. Ndani ya garimoshi hakuna aliyekuambia, ulivuka tu kutoka nusu moja ya dunia hadi nyingine ukiwa unamenya njugu.

Kitawi cha masanduku ya bati

Historia ya njia hii haina makeke mengi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo wa Ziwa Victoria tarehe 20 Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, ambaye ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho. Ndiyo Kisumu ya leo. Kwa miaka thelathini hivi abiria na mizigo ya Uganda ilishukia hapo ili ipakiwe melini. Reli iliyopitia Eldoret ilipofika Kampala mwaka 1931, Kisumu iliachwa kando kama mke mkubwa ambaye mume ameoa wa pili.

Kitawi cha Butere kilijengwa wakati huohuo, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kikiwa na urefu wa takriban kilomita 69, kupitia Kisian, Lela, Luanda na Yala. Serikali ya kikoloni haikukijenga ili watoto wamtembelee nyanya yao. Sehemu hizo zilikuwa na watu wengi, mahindi na pamba, na zilikuwa na vijana wenye nguvu waliotakiwa katika mashamba ya majani chai na katika miji. Reli ilibeba mazao, na iliwabeba wenye mazao pia.

Lakini watu wana njia yao ya kukitwaa kitu na kukifanya chao. Tazama shule zilizo katika njia hiyo: Maseno, iliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1906, alikosoma Jaramogi Oginga Odinga, na pia Barack Obama mkubwa, babake rais wa 44 wa Marekani, St Mary's ya Yala, na shule ya wasichana ya Butere. Siku za kufungua shule masanduku ya bati yalijaa mabehewani hadi mtu akakosa pa kuweka mguu. Wazazi wengi ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote walisomesha watoto kwa kupeleka kuku na ndizi Kisumu Jumamosi na kurudi jioni na karo.

Mtu mmoja pungufu

Tulishukia Luanda kwa sababu mama alitaka kupita sokoni. Soko la Luanda ni kubwa na wanaokutana hapo ni wa pande zote mbili, Wanyore kutoka milimani na Waluo kutoka ziwani. Aliuza omena yake yote kabla ya saa sita, kwa bei nzuri kuliko ya Kibuye. Nakumbuka alihesabu noti mara mbili, akatazama mfuko wenye nguo, akahesabu tena mara ya tatu. Kisha tukatembea kwa miguu kurudi upande wa Maseno hadi kwa dani.

Mambo yaliyozungumzwa jikoni kwa dani sikuyasikia. Tulipewa viazi vitamu na maziwa tukale nje, chini ya mpera. Jioni, wakati wa kurudi stesheni ulipofika, mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka sita, aliambiwa aingie zizini na dani akamwone ndama aliyezaliwa wiki ile. Alipoingia zizini, sisi tukaondoka.

Garimoshi liliporudi kutoka Butere tulipanda bila kusema neno. Mkaguzi wa tikiti akaja. Nikampa kadi zetu. Alizitazama, akatutazama, akasema, "Mama, hapa kuna nusu mbili. Mwingine yuko wapi?"

"Amebaki kwa nyanyake," mama alijibu. Halafu, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu, akaongeza: "Amebaki kidogo tu."

Mkaguzi alitoboa tikiti ya mtu mzima na nusu moja, akamrudishia mama ile nyingine bila kuitoboa. Sijui kanuni za reli zilisema nini kuhusu jambo hilo. Mama aliifunga katika kona ya leso yake, na baadaye akaiweka ndani ya Biblia. Imo humo hadi leo.

Nimeandika kurasa hizi za jamii kwa miaka kadhaa na nimeongea na akina mama wengi waliolazimika kugawa watoto kwa jamaa. Wengi wao huniambia kuachana si jambo gumu zaidi. Gumu zaidi ni nauli. Mtoto huachwa kwa nyanya au shangazi kwa mwezi mmoja, nauli ikakosekana, mwezi ukawa muhula, muhula ukawa mwaka, na siku mnapokutana anakuamkia kama mgeni. Nyumbani kwetu haikuwa hivyo, na sababu yake ni garimoshi. Kwa zaidi ya miaka miwili mama alikwenda Luanda Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili. Alikwenda na omena na kurudi na ndizi, mahindi mabichi, mapera na majani ya saga. Faida ya beseni moja ililipa safari yote, na mara nyingi ilitosha kutubeba sisi pia. "Neno dogo" ya mama, kila tulipomwaga ndugu yangu, ilikuwa ileile: "Nakuja na garimoshi."

Alirudi kwetu mapema mwaka 2000, tulipohamia vyumba viwili. Tulikwenda kumchukua wote. Alilia kumwacha ndama, ambaye kufikia hapo alikuwa ng'ombe kamili.

Garimoshi lenyewe halikudumu sana baada ya hapo. Miaka ya tisini injini na mabehewa yalikuwa yamechakaa, na kila mwaka matatu ziliongezeka. Mnamo Novemba 2006 shughuli za reli zilikabidhiwa kampuni ya kibinafsi ya Rift Valley Railways, mkataba ambao ulivunjwa mwaka 2017. Katikati ya kipindi hicho garimoshi la abiria la kutoka Nairobi hadi Kisumu lilisimama, na nyasi zikaota katikati ya vyuma katika njia ya Butere. Wachuuzi waliokuwa wakifungua vibanda karibu na stesheni walihamia barabarani. Ukitazama miji midogo ya njia hiyo utaona jinsi ilivyogeuza uso, majengo ya zamani yakielekea reli na mapya yakielekea lami.

Reli ya zamani kati ya Nakuru na Kisumu, kilomita 217, ilikarabatiwa na kazi ikaendelea hadi kitawi cha Butere. Desemba 2021 garimoshi la abiria la Nairobi likaingia tena Kisumu, nauli ya daraja la chini ikiwa shilingi 600. Nilikuwa miongoni mwa watu waliokwenda stesheni kutazama tu. Jambo kama hilo lilikuwa limetokea Nanyuki mwaka mmoja kabla, ambapo garimoshi lilirudi mwaka 2020 na watu wakapanda kwa ajili ya kutazama nchi yao dirishani. Wenzetu wa Dar es Salaam walijaribu mapema zaidi. Mwaka 2012 walianzisha treni ya mjini, nao wananchi hawakukawia kuipa jina la waziri aliyekuwa akiisimamia, wakaiita treni ya Mwakyembe.

Ukitaka kwenda

Hivi karibuni niliamua kuwapeleka wanangu wawili katika njia hiyo, pamoja na mama yangu. Ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi anayetaka kufanya hivyo ni kufika stesheni ya Kisumu siku chache mapema na kuuliza mwenyewe ratiba, kwa kuwa ratiba za abiria katika reli za zamani hubadilika. Siku tuliyotoka sisi hakukuwa na garimoshi la kutufaa, kwa hivyo tukapanda matatu. Watu wanne, kwenda na kurudi, ni nauli nane. Pesa hizo zingenunua unga wa wiki nzima. Mtu mwenye watoto watano hawezi kuiita hiyo matembezi ya bei rahisi.

Lakini Maseno yenyewe haidai kiingilio. Tulishuka penye alama ya ikweta na wanangu wakasimama kila mmoja mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, wakabishana ni upande gani ulio na joto zaidi. Chukua chakula chako na maji, na mwavuli hata kama jua ni kali, kwa sababu milima ya Bunyore haichezi na mvua. Huko ndiko kwa ukoo wa Nganyi, mabingwa wa kusoma dalili za mvua tangu jadi, ambao hata wataalamu wa hali ya hewa wa serikali wamefanya kazi pamoja nao. Kutoka hapo hadi Luanda ni mwendo wa kama saa moja kwa miguu ya mtoto. Fuata kando ya barabara. Watu wengi hutembea juu ya reli kwa mazoea, na mimi pia nilifanya hivyo utotoni, lakini sitamshauri mtu mwenye watoto kufanya mzaha na chuma kinachopitiwa na injini.

Ndugu yangu alitulaki Luanda. Siku hizi ana duka la vipuri vya bodaboda na ameshika boma la dani, aliyefariki mwaka 2009. Tuliposimama karibu na reli, mwanangu mkubwa alimwuliza kama ni kweli aliachwa zizini.

"Ni kweli," alisema. "Nililia siku hiyo na kesho yake. Lakini Jumamosi ya pili nilisikia garimoshi likikoroma mlimani, dani akaniambia nile kwanza, sikula. Baada ya hapo nikawa najua siku. Hata kalenda sikuwa nayo, lakini nilijua."

Mama hakusema kitu. Alikwenda akanunua mapera, kikapu kizima, baada ya kubishana bei na mwuzaji kwa Kinyore kwa muda wa dakika kumi huku wote wawili wakifurahia.

Tulipopanda matatu jioni, kondakta alimwambia aweke kikapu miguuni au akilipie. Mama alimtazama kijana huyo kutoka kofia hadi viatu.

"Garimoshi halikunilipisha kikapu hata siku moja," alisema.

"Miaka gani hiyo, mathe?" kondakta akauliza, akiegemea mlango.

Mama akaanza kumsimulia. Tulipofika Kisian alikuwa bado anaendelea, na kikapu kilikuwa kimewekwa kitini kando ya dereva.